Mfiwa Mwenye Ratiba

Dada yangu ni mtayarishaji wa filamu na tamthilia huko Hollywood, na kwa miaka mingi kazi yangu ya ziada imekuwa kuwaeleza watu maana yake. Kazi yangu yenyewe ni ya reli. Niko stesheni ya Kaliua, pale njia ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, na mtu anayesubiri treni ana muda mwingi wa kuuliza maswali. Anaigiza? Haigizi. Basi anashika kamera? Hashiki. Anatunga hizo hadithi? Kuna watunzi, wanalipwa, wanafungiwa chumba kimoja na kugombana kutwa. Sasa yeye anafanya nini? Hapo ndipo watu huniangalia kwa huruma, wakiamini kwamba dada amenidanganya na kwamba huko Marekani anaosha vyombo.

Mama yetu alikuwa na jibu lake. Sisi tulimwita mayu, kama Wanyamwezi wengi wanavyomwita mama, na humu nitamwita hivyo hivyo. Mayu alisema binti yake ni kirangozi. Zamani za misafara, babu zetu walipobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani, kirangozi ndiye aliyewatangulia wapagazi. Mali haikuwa yake. Mzigo mzito hakuubeba. Lakini yeye ndiye aliyejua maji yako wapi, kambi ipigwe wapi, nani anajifanya mgonjwa na nani anaumwa kweli, na msafara ukipotea lawama zote zilikuwa zake. Nilimsimulia dada maneno hayo kwenye simu. Akasema hajapata kusikia mtu akiieleza kazi yake vizuri namna hiyo, na kwamba angependa kuyatumia kwenye mkutano.

Alivyofika huko hakuna maajabu. Alipata nafasi ya kwenda kusoma uhasibu, akasoma, akamaliza, akakosa kazi ya uhasibu. Akachukua kazi ya kupokea simu katika ofisi ya mtayarishaji mmoja mwenye sifa kubwa na hasira kubwa zaidi. Kule kuna desturi ambayo niliposimuliwa nilidhani nataniwa: karani husikiliza simu zote za bosi wake, kwa ruhusa ya bosi mwenyewe, kimya, akiandika nani ameahidi nini. Wanaozungumza wanajua kwamba yupo. Ndiyo shule yenyewe hiyo. Dada alikaa miaka akiwasikiliza wakubwa wakibembelezana, wakitishana na kudanganyana kuhusu tarehe, na siku alipopewa nafasi ya kupiga simu kwa jina lake mwenyewe alikuwa anajua kila aina ya uongo unavyoanza.

Watayarishaji waliofanikiwa, kwa maelezo yake, walipitia milango ambayo mtu asingeidhania. Mmoja alianza kwa kusukuma kigari cha barua ofisini, na kwa kuwa alikuwa akiingia kila chumba akajua kila chumba kinamwogopa nani. Mwingine alikuwa dereva wa mwigizaji mlevi, na kwa vile hakuna mwingine aliyeweza kumfikisha yule mlevi kazini, wakubwa wakaona ni afadhali kumpoteza mlevi kuliko dereva. Mwanamke mmoja aliokota mswada uliotupwa kwenye kapu la taka ofisini kwake, akausoma kwenye basi akielekea nyumbani, akapitiliza kituo. Leo ana jumba lenye bwawa la kuogelea asiloliogelea. Nilimuuliza dada watu hawa wanafanana nini. Alisema hawafanani, ila wote hawawezi kuona kiti kimekaa upande wakakiacha.

Nilimuuliza pia kuhusu yale majina, maana tamthilia yake ilipoanza kuonyeshwa huku kwetu niliona watayarishaji wamepangana mwanzoni kama abiria wa behewa la daraja la tatu. Akacheka. Wengine, alisema, wamefanya kazi mpaka meno yameuma. Wengine walitoa wazo miaka mingi iliyopita na hawajakanyaga tena pale. Wengine ni mameneja wa waigizaji, wamewekewa jina ili wanyamaze. Anayeendesha mambo utamjua kwa kumtazama siku mvua ya bandia inapogoma kunyesha na mwigizaji mkuu amejifungia ndani kwa sababu mbwa wake anaumwa. Wote watageuka kumtazama mtu mmoja, na huyo hana ruhusa ya kugeuka kumtazama mwingine. Hapo akaniambia kitu nilichokikumbuka sana baadaye. Alisema, "Mdogo wangu, kazi yangu ni kuhakikisha kwamba siku ikifika, kila mtu yupo."

Alipanda polepole, toka mratibu hadi msimamizi, kisha akakabidhiwa tamthilia ya familia moja yenye hoteli na chuki nyingi. Ikapendwa. Akapewa ya pili. Akapata tuzo, sanamu ya kung'aa, akatuma picha yake akiwa ameishika na kutabasamu. Nilimwonyesha mayu. Aliitazama kwa muda mrefu akaniuliza, "Hiki ni cha kuwekea nini?" Nikamwambia hakiwekewi kitu. Akanirudishia simu.

Nisieleweke vibaya. Mayu hakuwa mama mshamba wa kuchekwa. Alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo, na baba alipofariki hakumwachia shemeji hata mche mmoja. Yeye ndiye aliyepanga nani achume lini, nani achanje kuni, nani akeshe kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia majani ambazo moto wake ukizidi umeunguza mwaka mzima na ukipungua umeozesha mwaka mzima. Wanaume wazima walimwogopa. Ninaposikia watu wakishangaa dada alitoa wapi akili ya kuendesha watu mia, mimi sishangai hata kidogo.

Na alituendesha na sisi, kutoka huko huko. Paa la nyumba ya mayu liliezuliwa na kuezekwa upya na fundi ambaye dada hajawahi kumwona, kwa siku alizosema. Kisima kilichimbwa. Umeme wa jua ukafungwa. Alikuwa akinipigia jioni yangu, ambayo kwake ni asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama: nani anakwenda kuchukua saruji, anarudi saa ngapi, gari likiharibika tunafanyaje. Nilimjibu kama ninavyowajibu wakubwa wa reli. Kuja mwenyewe hakuja. Kila mwaka alisema anakuja, na kila mwaka kulitokea jambo. Watunzi waligoma. Mwigizaji alivunjika mguu. Wenye televisheni walitaka sehemu nyingine haraka kabla watazamaji hawajapoa. Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililochosha, kwa sababu huwezi kumgombeza mtu kwa mambo ya kweli.

Kisha mayu akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari Tabora akatuambia moyo umechoka, maneno ambayo mayu aliyapokea kama habari ya mtu mwingine. Dada alitaka apelekwe Dar es Salaam, au India, au kwake Marekani. Mayu alikataa kote. Dada akageuza mpango palepale. Ukaja mtungi wa oksijeni. Akaja muuguzi wa kukaa nyumbani, binti mpole wa Nzega. Likaja gari la kukodi la kukaa tayari uani, na dereva wake akanenepa kwa ugali wetu. Kila kitu kilifika isipokuwa yeye.

Mayu alitaka jambo moja tu, na alilisema kwa lugha nyepesi: amwone binti yake. Dada akasema basi tuonane, washa video. Nikaiwasha, nikamgeuzia mayu simu. Mayu akavuta khanga, akajifunika uso wote.

"Sitaki picha," alisema ndani ya khanga. "Picha ninazo. Akitaka kuniona, aje."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Haikuwa hivyo. Toka siku ile dada alipata sauti tu. Kila simu ya video ilipoita, mayu alijifunika, na muuguzi alikatazwa kabisa kupiga picha. Wakawa wanashindana, mmoja Urambo kitandani, mwingine ng'ambo katikati ya taa na watu mia. Dada alinibembeleza nimpige mayu picha akiwa amelala. Nikakataa. Sikukataa kwa wema. Nilikuwa upande wa mayu, na nilitaka ashinde.

"Zimebaki sehemu mbili tu za kumaliza," dada aliniambia. "Nikiondoka sasa, watu wote hawa wanakosa kazi. Nimeshakata tiketi. Mwambie nakuja mara tu tukimaliza."

Nikamwambia mayu. Akauliza kama tiketi inaonekana. Nikamwonyesha kwenye simu. Akasema vizuri, na akaanza kumwelekeza muuguzi ahamie wapi, kwa kuwa chumba chake atalala mgeni. Alifariki asubuhi moja baada ya kunywa uji nusu kikombe, mimi nikiwa mlangoni natafuta viatu. Dada alikuwa hajapanda ndege. Nilipompigia hakulia. Aliuliza, "Saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Msizike. Nakuja. Niachieni mimi kila kitu."

Nilimkasirikia, nasema wazi. Hata hivyo, sikuwa na hoja. Baba mdogo, ndiye msemaji wa ukoo, aliuliza tu kama ana uhakika wa ndege. Nikasema huyo ana uhakika wa kila kitu. Mwili ukapelekwa mochwari Tabora, tukakaa kumngoja.

Kabla hajafika yeye, ilifika ratiba. Ilikuja kwenye simu yangu, kurasa kadhaa, na kila jambo limewekewa saa na dakika: kuwasili kwa mwili, kuaga kwa mistari miwili, wasifu wa marehemu, neno la familia, kuelekea kaburini. Yakaja maturubai meupe kutoka Tabora, viti vilivyovishwa vitambaa, spika, jenereta, mpiga picha na msaidizi wake, mashada ya maua yaliyosafiri na barafu. Akaja mshereheshaji, ndiyo, msibani, kijana wa suti ya buluu mwenye sauti ya redio. Wakaja wapishi wa kukodi waliovaa aproni na kofia.

Hapo ndipo dada alipokosea, na ni kosa ambalo mgeni asingelifanya, kwa sababu mgeni asingepewa nafasi ya kulifanya. Kwetu mfiwa hafanyi kazi. Mfiwa anakaa chini kwenye mkeka, analia, analishwa, anaulizwa kama amelala. Msiba ni wa majirani. Wao ndio wanaochimba kaburi, wanaochota maji, wanaopika, na atakayezuiwa kufanya hivyo ataenda nyumbani akijiuliza amekosa nini. Alfajiri ya siku ya maziko wanawake wa kijiji walikuja kama kawaida, kuni kichwani, unga ndani ya mabeseni, kila mmoja na kisu chake. Wale wa aproni wakawaambia kwa heshima kwamba kazi yote imeshashikwa, wakapumzike. Wakaenda kukaa chini ya turubai, safu moja, visu mapajani. Nilipita mbele yao kusalimia na sikujua niweke wapi macho.

Dada mwenyewe alikuwa ametua Tabora jana yake mchana. Alishuka kwenye ndege amevaa nyeusi, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, nywele fupi zenye mvi ambazo sikuzitegemea. Tulikumbatiana. Nilisikia mifupa ya mgongo wake. Nilitaka aseme kitu, chochote kile, kumhusu mayu. Alisema, "Jenereta imefika?"

Siku ya maziko sikumwona amekaa. Alikuwa na simu moja mkononi na nyingine mfukoni, anatembea haraka kwenye mchanga na viatu vya ngozi, anahamisha viti, anaonyesha gari liegeshwe wapi. Shangazi zetu walimwita mara kadhaa aje wamshike, kwani mfiwa hushikwa. Akawashukuru akapita. Wazee walinong'ona. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanaume nikimtazama, na nilichokitaka kilikuwa kidogo tu. Nilitaka alie. Nilihisi kwamba asipolia pale, mbele ya jeneza, atapanda ndege na mama yake atakuwa moja ya kazi alizozimaliza vizuri.

Mwili ukaja, jeneza likafunguliwa, tukaanza kuaga. Zamu yake ilipofika alisimama akamtazama mayu. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso ule tangu ugonjwa uanze. Nikasema moyoni, haya, sasa. Akageuza shingo kwa mpiga picha akamwambia taratibu, "Sogea kushoto kidogo. Unaziba mwanga." Kisha akaondoka.

Katika ile ratiba, baada ya neno la familia, palikuwa na mstari ulioandikwa: Watani, dakika kumi.

Jirani yetu wa miaka mingi ni mama wa Kigogo, mjane wa mtu wa reli; aliletwa huku na mumewe, akazoea, akabaki. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu nyakati za misafara. Sisi tulipita kwao na mizigo ya watu, wao wakatutoza ushuru na kutuuzia maji, na hadi leo hatujasameheana. Yeye na mayu walitukanana kila siku ya Mungu. Mayu akimwona anakuja kuomba chumvi alimwuliza leo anauza maji bei gani. Yeye alimjibu kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo hadi shingo zikaingia kifuani, ndiyo maana mayu hana shingo. Mayu alipougua ndiye aliyekuja kila siku kumkanda miguu, akimtukana.

Msibani mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kulizuia jeneza, kuwasema wafiwa mbele ya watu. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Anajibu kwa utani au anashindwa. Dada alijua haya, amezaliwa humo. Alichofanya ni kumfuata mama yule asubuhi na kumwuliza, kwa adabu zote, ana mpango wa kusema nini, ili mpiga picha ajiandae. Yule mama alimtazama akasema, "Mtani wangu, hata mimi sijui."

Mshereheshaji akatangaza watani. Hakutokea mtu. Akatangaza tena. Kisha mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka mayu.

Siwezi kueleza vinginevyo. Alivaa sweta yake ya kijivu yenye kifungo kimoja, miwani yake, khanga yake, na mkono ulikuwa kiunoni nyuma, pale palipokuwa pakimuuma. Alitembea na ile hatua ya kuburuta mguu wa kulia. Watu walipiga ukelele, halafu kicheko kikapasuka uwanja mzima. Akasimama, akatuangalia mmoja mmoja juu ya miwani.

"Mwangaluka," alitusalimia kwa Kinyamwezi, na sauti ilikuwa ile ile, ya kupanda mwishoni. "Mbona mmejaa hivi kwangu? Kuna nini?"

Akawaendea wale wapishi. Akawazunguka.

"Na hawa waliovaa kama wauguzi? Nimelazwa?" Akageukia wanawake wa kijiji. "Na nyie, mmekaa na visu mapajani mnamngoja nani? Nikiwa hai mlikuwa mnanimalizia vitunguu bila hodi. Leo mmekuwa wageni?"

Wanawake wakainuka kwa kicheko na machozi, wote kwa pamoja, wakaelekea kwenye masufuria, na wale wa aproni wakawapisha upesi. Nilimwona dada anamwonyesha mshereheshaji saa yake. Kijana wa watu akainua kipaza sauti.

"Mama yetu, tunaomba radhi, dakika zimekwisha."

"Dakika za nani?" mtani akasema. "Mimi nimekufa, sina haraka."

Hata baba mdogo alicheka, akajifuta macho. Mtani alikuwa ameshaanza kuvuka uwanja, polepole, akiburuta mguu, hadi aliposimama mbele ya dada yangu. Dada alitabasamu, lile tabasamu la kwenye picha ya tuzo.

"Karibu mgeni," mtani akamwambia. "Mbona umesimama? Umetoka mbali?"

Dada akaendelea kutabasamu.

"Una mama?" Akangoja. "Mimi nina binti, rika lako hivi. Yuko Marekani. Angekuwepo leo ungemwona hapa chini, ubavuni kwangu. Lakini ana kazi nyingi. Kama unamfahamu, nisalimie. Mwambie nilimngoja, halafu nikachoka."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyekuwa na uhakika kama huo bado ni utani, lakini ndivyo ulivyo, hauna ukuta. Dada alitakiwa ajibu. Angeweza kumtukana, kumwita mwuza maji, tungecheka na mambo yangeendelea. Mtu huyu amelisha watunzi maisha yake yote, na pale hakuwa na neno. Ile simu ikamtoka mkononi, ikaanguka mchangani, na hakuinama kuiokota. Kisha akapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mayu," akasema.

"Marahaba." Mtani akasogea, akamtazama kwa makini kuanzia nywele hadi viatu, na ile kejeli ikamwisha usoni yote. "Kumbe ni wewe. Mbona umekonda hivi? Kaa chini, mwanangu."

Akakaa. Alikaa palepale kwenye mkeka, kando ya jeneza, na viatu miguuni, ikabidi shangazi amvue. Alilia vibaya, kwa sauti ya mtu asiye na mazoezi, kamasi na mate, akilitaja jina la utotoni ambalo mayu alikuwa akimwita yeye na ambalo sijalisikia tangu tukiwa wadogo. Shangazi wawili wakamshika. Mimi nilitazama chini, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia, na sikutaka kuonekana na yule wa kamera.

Ratiba ikafa hapo. Wazee wakaanzisha wimbo usiokuwepo kwenye karatasi, kwa sauti ya juu mno, wakalazimika kuuanza upya. Vijana wa kaburi wakasema udongo umekuwa mgumu, wanahitaji muda. Mshereheshaji alishika kipaza sauti, akakitazama, akakizima. Harufu ya vitunguu vya kukaangwa ikaanza kuja. Tukakaa tu, msiba ukawa msiba, kila mtu na shughuli yake isipokuwa sisi wafiwa.

Baadaye kidogo yule mtu wa maua kutoka Tabora akaja akitembea kwa vidole, shada mkononi, akachuchumaa karibu na dada, ambaye kichwa chake kilikuwa mapajani mwa shangazi.

"Samahani madam," akanong'ona. "Mashada tunayaweka upande gani?"

Dada hakuinua kichwa. "Sijui," akasema. "Muulizeni mayu."

Yule mtu akalitazama jeneza, kisha akanitazama mimi. Nikamwonyesha kwa kidevu kule jikoni, alikokuwa mtani bado na sweta na miwani, anaonja mchuzi. Akaenda kumwuliza. Yule mama akaweka mwiko chini, akajifuta mikono, akamwonyesha pa kuyaweka.